Leza, Zambarau na Shavu Langu la Kushoto

Nilizaliwa Mombasa na baka kwenye shavu la kushoto. Lilikuwa jekundu lililoiva mpaka likawa zambarau, likianzia chini ya jicho na kushuka hadi karibu na pembe ya mdomo. Kwetu hakuna aliyebisha kwamba lipo. Ubishi ulikuwa juu ya lilikotoka.

Upande wa mama, ukiongozwa na dada yake mkubwa ambaye sisi watoto tulimwita Masi, ulishikilia kwamba mwezi ulipatwa wakati mama ana mimba yangu. Naye, badala ya kulala chumbani madirisha yakiwa yamefungwa kama alivyoamriwa, alitoka uani kutazama, na katika kutazama akajikuna shavu. Upande wa baba, ukiongozwa na bibi mzaa baba, ulisema hakuna cha mwezi wala nyota. Mama alitamani zambarau, msimu ulikuwa umekwisha, akazikosa, akashinda ameshika tama kwa huzuni. Palepale alipoweka kiganja ndipo mtoto alipotoka na rangi ya tunda.

Mtaona kwamba pande zote mbili zilipatana kwenye jambo moja: kosa lilikuwa la mama. Mama mwenyewe hakuwahi kujitetea. Mjadala ukianza, yeye alikumbuka kitu jikoni.

Mimi baka halikunisumbua. Mtaani kwetu kila mtoto aliitwa kwa kasoro yake, mwenye masikio makubwa, mwenye kithembe, mwenye magoti yanayogongana, na mimi nikaitwa kwa jina la tunda. Ilikwisha hapo. Mambo yalibadilika tulipohamia London, wakati ule sisi Wahindi wenye pasi za Kiingereza tulipokuwa tunakimbilia kuingia kabla mlango haujafungwa. Tulifikia Wembley kwa Masi, aliyetangulia, tukapangwa chumba kimoja, na mimi nikapelekwa shule nikiwa na Kiingereza cha kuomba maji na kwenda msalani.

Siku za mwanzo tu, wakati wa chakula cha mchana, mama mmoja wa jikoni, mnene, aproni imefungwa kwa nguvu, akaniona. Akatabasamu, akachovya kitambaa kwenye maji ya moto, akanishika kidevu na kuanza kunifuta shavu. Alidhani ni jemu. Mimi nikadhani ndivyo wafanyavyo Waingereza kabla ya kula, kama sisi tunavyonawa mikono, basi nikatulia na kumpa uso. Alifuta. Jemu haikutoka. Akaongeza maji, akasugua. Shavu likazidi kuwa jekundu, naye akazidi kusugua, mpaka watoto wa meza nzima wakaacha kula. Kisha akasimama ghafla, kitambaa hewani, na nikaona uso wake unavyobadilika. Alielewa kabla mimi sijaelewa.

Tangu siku ile mpaka nilipoihama shule ile, sahani yangu ya keki na kastadi ilijaa kuliko ya mtoto yeyote. Nilinenepa. Mama akawa anawaambia watu kwamba hewa ya Uingereza imenipenda.

Ukubwani nilipata kazi kwenye duka la miwani. Hiyo ni kazi ya kuangaliana uso kwa uso: unamvalisha mtu fremu, unasogea, unaangalia kama imekaa sawa puani, naye hana pengine pa kutazama ila kwako. Niliona macho ya watu yakifanya kila aina ya safari. Wengine waliliangalia baka, wakajikamata, wakaangalia paji langu la uso. Wengine waliniomba radhi bila kusema wanaomba radhi ya nini. Bibi mmoja aliniuliza kwa upole kama nimewahi kuungua, na nilipomwambia nimezaliwa nalo akasema, "Bora," kana kwamba tumekubaliana bei.

Ilipofika zamu ya kuolewa, posa ikaja kutoka kwa familia ya Kisumu iliyokuwa ikiishi Hounslow. Siku ya kuja kuniona, mama na Masi walishinda wakihamisha viti. Walinikalisha kwenye ncha ya kochi, shavu la kushoto limeelekea ukutani, na taa ya upande ule wakaizima. Kijana akaingia na mama yake, akasalimia, akaketi, akapewa chai na kababu. Akanitazama. Akainamisha kichwa kidogo. Akanyoosha shingo. Mama yake akamfinya.

"Samahani, mama," kijana akamwambia mama yangu, kwa Kiswahili chake cha bara. "Mimi naweza kaa ile upande ingine?"

Masi akadakia. "Huko kuna baridi ya dirisha, mwanangu. Kaa hapo hapo."

"Ni vile huyu mimi naona yeye kila asubuhi," akasema. "Mimi ndiyo nakata tiketi pale stesheni anapandia treni. Kibanda yangu iko upande yake ya kushoto. Hii upande ya kulia sijazoea, sijui hata kama ni yeye."

Kisha baba yangu, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi kwa hasira za kuhamishiwa kiti chake, akainuka akawasha taa.

Tukaoana, tukanunua nyumba ndogo Queensbury, tukapata binti. Nasimulia haya ili ijulikane kwamba nilipofikia umri wa miaka thelathini na kitu sikuwa mtu mwenye dukuduku. Siku hiyo nilimpeleka binti yangu kwa daktari wa mtaa kwa kikohozi. Alikuwepo daktari kijana anayeshikia zamu ya mwenziwe. Akamsikiliza mtoto kifua, akaandika dawa, halafu akanielekezea kalamu shavuni.

"Na hilo," akasema, "umewahi kufikiria kuliondoa? Siku hizi kuna leza."

Nilimshukuru, nikamvalisha mtoto koti, nikatoka. Nikafika kituo cha basi bila ya dawa. Nilikuwa nimekasirika na sijui kwa nini. Ni sawa na mtu kuja nyumbani kwako kukurekebishia bomba, halafu akakuuliza kama umewahi kufikiria kubomoa sebule.

Jioni nikamweleza mume wangu.

"Kuondoa?" akasema. "Walipeleke wapi?"

Nilicheka, lakini neno lilikuwa limeshaingia. Sikutaka kuwa mrembo. Kwa urembo nilikuwa nimeshafanya amani na kioo. Nilitaka mambo mawili. La kwanza, udadisi: kuujua uso wangu ulivyo bila ya lile baka, kama unavyotaka kujua rangi ya ukuta nyuma ya kabati. La pili, nilikuwa nimechoka kuwatuliza watu. Kila nilipokutana na mgeni ilinibidi nimwonyeshe kwamba sijali, ili naye asijali, na ndipo tuweze kuzungumza habari za miwani yake. Ni kazi hiyo, na hailipwi.

Nikarudi kwa daktari, akaniandikia barua ya kwenda kwa bingwa hospitalini. Lakini kwetu hakuna mtu anayekwenda kwa bingwa bila kikao, na kikao kilifanyika kwa Masi, Jumapili, baada ya pilau.

"Mungu alipokupaka, brashi haikumteleza," Masi akafungua.

"Suala ni garantii," akasema baba. "Likirudi, wanafanya tena bure?"

"Na ukiungua?" Masi akaendelea. "Ukibaki na tundu? Shavu si zulia, mwanangu, kwamba utaweka meza juu yake."

Mama alikuwa anamenya njegere. Hakukumbuka kitu jikoni safari hii. Alimenya ganda moja, la pili, kisha akasema, "Mimi nitakwenda naye."

Siku ya miadi alivaa koti lake la kuendea harusi. Bingwa alikuwa mzee mrefu mwenye soksi mbili zisizofanana. Aliniangalia shavu kwa taa na kwa kioo cha kukuza, akalibonyeza kwa kipande cha plastiki kuona rangi inavyokimbia na kurudi, akaanza kunieleza habari za mashine. Mama akanigusa mkono.

"Mwambie nataka kuuliza."

"Muulize, mama, nitatafsiri."

"Muulize limetoka wapi."

Daktari akageuza kiti chake amwelekee mama. Akasema ni mishipa midogo ya damu chini ya ngozi, iliyokaa wazi ilhali ilitakiwa ijibane. Hutokea mtoto angali mdogo kama punje, mara nyingi mama hata hajajijua kama ana mimba. Hutokea tu. Nikatafsiri.

"Mwambie niliutazama mwezi."

"Mama!"

"Mwambie."

Nikamwambia daktari, nikiangalia soksi zake. Hakucheka. Aliuliza kama ulikuwa umepatwa wote au nusu, nami nikamuuliza mama, na mama akasema wote. Daktari akafikiri.

"Mwambie mama angeweza kuutazama kila siku ya maisha yake," akasema, "uso wako ungekuwa huu huu."

Mama akalipokea lile jibu, akaligeuza. Kisha akasema, kwa sauti ya chini zaidi, "Na zambarau?"

Hapo Kiingereza kilinikwama. Nilimweleza daktari kwamba ni tunda, dogo, jeusi kwa uzambarau, linageuza ulimi rangi. Nilitaka kumwambia lina ukakasi, lakini ukakasi sikuupatia neno, nikaishia kukunja uso na kunyonya meno mbele ya bingwa.

"Alizila nyingi?" akauliza.

"Hakuzila kabisa. Alizikosa."

"Oh," akasema daktari, na akamwangalia mama kwa dhati. "Basi mpe pole. Hilo ndilo la kusikitisha katika habari hii yote."

Nilipotafsiri, mama alicheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha akafungua mkoba kutafuta leso, akaitafuta kwa muda mrefu kuliko mkoba ulivyohitaji. Nikatazama pembeni. Nilikuwa nimeishi na lile baka usoni miaka yote hiyo, na nilikuwa sijajua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akilibeba.

Tulikuwa ndani ya basi, tumekaribia nyumbani.

"Bibi yako amekufa akiamini ni mimi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikimpikia. Kila siku. Bila chumvi, kwa ajili ya presha yake." Akatikisa kichwa. "Ningejua, ningetia chumvi."

Jioni ile alikaa kwenye simu. Alimpigia Masi, akapiga Nairobi, akapiga Mombasa, akampigia shemeji yake Toronto bila kuangalia kule ni saa ngapi. Habari yenyewe haikuwa kwamba nitapigwa leza. Kila mmoja mama alimwambia, "Daktari bingwa wa London amenihakikishia, si mwezi, si zambarau, si mimi." Masi alinipigia baadaye kuniuliza, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu, kama yule daktari kweli amesoma.

Kwanza walijaribu kipande kidogo karibu na sikio, kuona ngozi yetu ya maji ya kunde itaipokea vipi. Daktari alinieleza wazi kwamba ngozi kama yangu inaweza kubaki na weupe au weusi palipopigwa, kwa hiyo tutakwenda polepole. Kipande kikapona vizuri. Ndipo wakaniita kwa shavu zima.

Chumba kilikuwa kidogo na hakikuwa na dirisha. Nesi alinilaza, akanivika miwani mizito isiyopitisha mwanga, mimi niliyeshinda maisha yangu nikiwavika wengine. Nikamwambia fremu inabana. Akasema hana nyingine. Halafu mashine ikaanza. Yeyote anayekuambia haiumi hajapigwa. Ni kama mtu amevuta mpira mwembamba na kuuachia shavuni, pa! na tena, pa! kando kidogo, na tena, kwa utaratibu wa fundi anayepiga misumari ya kochi. Na harufu ya vinyweleo vilivyobabuka, ambayo mtu yeyote aliyewahi kuchoma unyoya wa kuku anaijua. Nilishika ukingo wa kitanda nikajisomea kila sura ya Kurani niliyoihifadhi chuoni, fupi fupi, moja baada ya nyingine, na zilipokwisha nikaanza majina ya fremu za miwani.

Kabla sijaondoka nesi akanipa maagizo: nisijikune, nisijipake poda, na nisikae juani. Sote wawili tukageuka kuangalia ukumbini, ambako dirisha lilikuwa linatiririka mvua. Tukacheka.

Hawakunificha kwamba nitakuwa mbaya kabla ya kuwa mzuri. Ila kuambiwa ni kitu kimoja. Asubuhi yake shavu lilikuwa limevimba mpaka jicho limebana, na kila palipogongwa na leza pametoka doa jeusi la mviringo, madoa yamepangana mpaka nikafanana na kanga, yule ndege. Binti yetu, aliyekuwa anaelewa kila tulilosema kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, aliniangalia akaniuliza kama nimeanguka. Dukani walinipa likizo kwa haraka ya ajabu.

Mimi sikujali. Nilikwenda sokoni, nikapanda basi, nikampeleka mtoto shule. Aliyepata taabu ni mume wangu.

Ilianza na jirani yetu, bibi wa Kiingereza aliyeishi peke yake na paka. Alinisubiri nyuma ya ua, akaangalia kulia na kushoto, akanitia ufunguo mkononi.

"Ni wa mlango wa nyuma," akaninong'oneza. "Saa yoyote. Usibishe hodi, ingia tu."

Nikadhani anasafiri. "Maua nitayamwagia mara ngapi?" nikamuuliza.

Akaniangalia kwa huruma nyingi sana, akanibana mkono, akaenda zake. Nikaingia ndani nikamwambia mume wangu kwamba jirani ametuachia nyumba, lakini hakusema kuhusu maua. Mume wangu aliushika ufunguo, akaniangalia shavu, akauangalia ufunguo tena. Rangi ikamtoka.

"Si maua," akasema. "Ni mimi. Yeye anafikiria ni mimi nimekupiga."

Mume wangu ni mtu ambaye hunitolea mimi buibui nyumbani kwa kuwatia kwenye glasi na kuwapeleka bustanini. Alivaa viatu akatoka moja kwa moja kwenda kueleza. Bibi alimsikiliza kupitia mlango uliofungwa mnyororo, na paka naye akamsikiliza dirishani. Akarudi akaniambia twende wote. Tulipokwenda wote, bibi akawa na uhakika zaidi kwamba nimelazimishwa. Ikabidi nirudi mwenyewe kesho yake na kadi ya miadi ya hospitali, na hata hivyo ufunguo alikataa kuuchukua. "Kaa nao tu," akasema.

Kazini kwa mume wangu, pale stesheni, mambo hayakuwa tofauti. Wenzake walikuwa wameniona nikipita getini. Hakuna aliyesema kitu, na mume wangu alisema ni afadhali wangesema. Ila chai ilipokuwa inapikwa chumba cha mapumziko, kikombe chake ndicho kilichosahauliwa.

Kisha wakaja wazee.

Walikuwa wawili, kutoka msikitini kwetu. Mmoja ni mzee wa Unguja, msemaji, aliyekuwa anapatanisha watu wa jumuiya yote. Wa pili alikuja kumsindikiza na hakuwa mtu wa maneno. Walifika Jumapili alasiri, wamevaa kofia na makoti, na pakiti ya biskuti. Nilikuwa jikoni nachemsha chai, na mlango ulikuwa wazi. Sasa, ni lazima mjue kwamba kwa miezi kadhaa mume wangu alikuwa anakwepa kutiwa kwenye kamati ya usafi wa msikiti. Alipowaona wazee wale mlangoni, yeye alikuwa na hakika amekamatwa kwa hilo.

"Mwanangu," mzee wa Unguja akaanza, baada ya kuulizana hali na hali ya hewa, "tumekuja kwa jambo zito kidogo."

"Mimi najua, mzee," akasema mume wangu. "Nilikuwa nangoja tu mtakuja siku gani."

Mzee hakutegemea kukubaliwa mapema hivyo. "Kwa hiyo unakiri?"

"Nitakataa namna gani? Watu wote wameshaona."

"Na sababu yake nini hasa, mwanangu? Sema, sisi wazee wako."

"Uvivu, mzee."

"Uvivu!"

"Uvivu tu, mimi sitadanganya. Nikitoka kazini nimechoka, hata mkono hauinuki."

Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani. "Yaani ukichoka ndipo unapofanya?"

"Hapana, mzee. Nikichoka sifanyi. Ndiyo maana nasema shida ni zamu. Lakini mkinipangia siku, nitafanya. Jumamosi nitafanya. Hata Jumapili, kama mnataka."

"Tukupangie siku!" Sauti ya mzee ilikuwa imepanda. "Sisi! Tukupangie!"

"Ndiyo. Na mke wangu pia amekubali, tumeshazungumza. Mimi naanza, yeye anamalizia."

Nilikuwa nimeshikilia ukingo wa sinki, machozi yananitoka. Kucheka kulikuwa kunanivuta ngozi ya shavu na kuniuma vibaya, na kadiri ilivyouma ndivyo nilivyozidi. Nikabeba sinia la chai nikaingia. Wazee waliponiona, shavu jeusi, macho yamelowa, mzee wa Unguja akasimama wima.

"Subhanallah," akasema. "Na unalia!"

"Sheikh, keti," nikamwambia. "Tafadhali keti. Hii ni leza."

Ilichukua chai ya birika zima. Nilianzia Mombasa, nikapitia mwezi na zambarau, nikawafikisha hospitali. Mume wangu alikaa mdomo wazi, akielewa pole pole alichokuwa amekiri. Alipofika kwenye "mkinipangia siku" akaficha uso kwenye mto wa kochi. Mzee wa Unguja alicheka mpaka akavua kofia, akajifuta jasho kichwani, akaomba radhi, akacheka tena.

Waliposimama kuondoka, yule mzee mwingine, ambaye hakuwa amesema neno tangu salamu, alibaki nyuma ukumbini akijifanya anatafuta kiatu. Akavuta kola ya shati akanionyesha kinyama kilichoota shingoni.

"Mwanangu," akanong'ona, "hiyo mashine, chunjua inatoa?"

Nikamwambia amuulize daktari. Mume wangu yeye hakuokoka: ahadi aliyoitoa mbele ya wazee ilihesabiwa kuwa ni ahadi, na Jumamosi iliyofuata alikuwa msikitini anapiga deki.

Madoa meusi yalififia katika wiki chache, na chini yake baka likawa limepoa, si zambarau tena. Nikarudi kupigwa, nikapona, nikarudi tena. Sitasema ilikuwa rahisi, ila mara zile nyingine mume wangu alinisindikiza kila nilikokwenda, akimweleza kila mtu, wakiwemo wasiouliza, "Hii ni leza, hii ni leza." Mwishowe daktari wa soksi akaniambia mashine imefika ilipoweza kufika. Sehemu ya juu ilikuwa imesafika. Pembeni mwa mdomo palibaki wekundu mwepesi, kama mtu aliyelalia mkono, na hapo pamebaki mpaka leo.

Mama aliniangalia muda mrefu siku hiyo. Akasema, "Kumbe una shavu la baba yako," na sikuweza kujua kama ni sifa. Binti yangu alikuwa na mchezo wa kunibonyeza baka kwa kidole nami nikalia kama kengele ya mlango. Aliendelea kubonyeza, safari hii akikisia palipokuwa, nami niliendelea kulia. Mimi mwenyewe kwa muda nilikuwa nikipita kwenye vioo vya maduka na kumpisha yule mwanamke anayekuja.

Dukani nako watu walianza kuniangalia machoni. Ilikuwa raha, sitaki kusema uongo. Mtu anakaa, unamvalisha fremu, mnazungumza habari ya fremu. Mpaka siku moja alipoingia mteja wetu wa miaka mingi, mzee wa Kiingereza mwenye pua iliyopinda, ambaye kila baada ya muda alikalia miwani yake na kutuletea tuinyooshe. Akaniwekea miwani kwenye kaunta, imejikunja kama kaa. Akaangalia nyuma yangu.

"Yule dada mwingine yuko wapi?" akauliza. "Yule anayeijua pua yangu."

"Ni mimi," nikamwambia.

Akainama, bila miwani, akanitazama kwa karibu. "Hapana," akasema, kwa adabu. "Yule alikuwa na..." Mkono wake ukaanza kupanda kuelekea shavuni kwake, ukasita, ukashuka.

Nilitaka kusikia angelisemaje, baada ya miaka yote hiyo. "Alikuwa na nini?" nikamuuliza.

Akafikiri.

"Alikuwa na subira," akasema.

Basi nikachukua koleo, nikamnyooshea miwani. Alisema inabana kushoto, nikailegeza. Akasema sasa inabana kulia, nikailegeza na kulia. Akasema sasa inateleza. Tulipomaliza akajiangalia kwenye kioo, akakubali kwamba si mbaya kwa mtu mgeni. Akafunga vifungo vya koti, na akiwa mlangoni akageuka, akaniomba nikimwona yule dada nimpe salamu zake.

Nikamwambia nitampa.